CT na MRI: mashine mbili, maswali mawili

Mgonjwa anatoka kwa daktari na fomu iliyoandikwa "CT ya kichwa". Hajafika hata mlangoni, ndugu aliyemsindikiza ameshamuuliza: "Mbona hawajakuandikia MRI? Si ndiyo kipimo kikubwa?" Swali hilo limebeba dhana inayozaa mkanganyiko mwingi, kwamba vipimo vya picha vimepangwa kwa madaraja: eksirei chini, CT katikati, MRI juu, na anayepewa cha chini amepunjwa.

Madaraja hayo hayapo. CT na MRI zinapima vitu viwili visivyohusiana, na kila moja ni kipofu mahali ambapo mwenzake anaona vizuri. Kujua ipi inafaa ni suala la kujua daktari anatafuta nini, basi.

Tuanze na maana. CT ni kipimo kinachotumia eksirei na kompyuta kutengeneza picha za mwili tabaka kwa tabaka. MRI nayo hutoa picha za tabaka, ila haitumii eksirei hata chembe. Inatumia sumaku yenye nguvu kubwa pamoja na mawimbi ya redio. Kwa mbali mashine hizi zinafanana, kwa kuwa zote zina kitanda kinachoteleza kuingia kwenye tundu. Ukisogea unaona tofauti. CT ni pete fupi, na anayelala humo anaona chumba pande zote mbili. MRI ni handaki lenye urefu wa zaidi ya mita moja, na mtu anaweza kumezwa humo mwili karibu wote.

Kivuli kinavyogeuka kuwa picha

Eksirei ya kawaida, ile iliyotokana na ugunduzi wa Wilhelm Röntgen mwaka 1895, kwa kweli ni picha ya kivuli. Miale inapita mwilini. Mfupa unaizuia sana, misuli inaizuia kiasi, hewa ya mapafuni karibu haiizuii kabisa. Kinachoonekana mwishoni ni jumla ya vyote ambavyo mwale ulikutana navyo njiani, ndiyo maana kwenye picha ya kifua moyo, mbavu na uti wa mgongo vinalaliana. Uvimbe mdogo uliojificha nyuma ya moyo unaweza kupita bila kuonekana.

CT inalimaliza tatizo hilo kwa kuzunguka. Ndani ya pete kuna bomba linalotoa eksirei upande mmoja na vihisio upande wa pili, na vyote vinamzunguka mgonjwa. Mashine za sasa zinakamilisha mzunguko mmoja chini ya sekunde. Kila pembe inatoa kivuli chake, na kompyuta inavikusanya vivuli hivyo kwa mamia kisha inakokotoa: ili vivuli vyote hivi vipatikane, ndani lazima pawe na nini, na kiwe mahali gani?

Hesabu za jambo hilo zilimshughulisha Allan Cormack, mwanafizikia mzaliwa wa Johannesburg, aliyeanza kulifikiria mwaka 1956 alipokuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Groote Schuur, Cape Town. Mashine yenyewe ilijengwa Uingereza na Godfrey Hounsfield, mhandisi wa kampuni ya EMI, ambaye hakuwa na habari za kazi ya Cormack. Mgonjwa wa kwanza alipigwa picha tarehe 1 Oktoba 1971 katika Hospitali ya Atkinson Morley, London: mwanamke aliyeshukiwa kuwa na uvimbe kwenye ubongo, na uvimbe ukaonekana. Mwaka 1979 wawili hao waligawana Tuzo ya Nobel ya tiba. Hakuna kati yao aliyekuwa daktari, na Hounsfield hakuwa hata na shahada ya chuo kikuu.

Alichoacha Hounsfield, na ambacho bado kinatumika kila siku, ni kipimo cha namba kinachoitwa kwa jina lake. Maji ni 0. Hewa ni −1000. Mafuta yako karibu na −100, ubongo kati ya 30 na 40, damu iliyotoka kuvuja na kuganda kati ya 50 na 80, na mfupa mgumu unaweza kufika 1000 na kupita. Kila nukta ya picha ya CT ni namba ya namna hiyo, iliyopewa rangi ya kijivu: namba kubwa nyeupe, namba ndogo nyeusi. Kwa maneno mengine, CT inajibu swali moja tu, kwamba kilichopo hapa kinazuia eksirei kwa kiasi gani. Mtu akilishika hilo, mengi yaliyobaki yanajieleza yenyewe.

MRI inasikiliza maji

Takriban asilimia 60 ya uzito wa mtu mzima ni maji, na kila molekuli ya maji ina atomu mbili za haidrojeni. Kiini cha haidrojeni ni protoni moja, nayo ina tabia ya kisumaku. Katika hali ya kawaida protoni za mwili zimeelekea kila upande ovyo. Mtu akiingizwa kwenye sumaku ya MRI, sehemu ya protoni hizo hulalia upande wa sumaku. Wanaozidi kuufuata upande huo ni wachache mno, protoni kadhaa tu kwa kila milioni, lakini mwili una protoni nyingi kiasi kwamba hao wachache wanatosha.

Sasa chukua pia, ile ya kuchezea watoto, ikiwa inazunguka. Ukiigusa kidogo ubavuni haianguki. Inayumba kwa mduara, kisha taratibu inajirudi. Mashine ya MRI inazigusa protoni kwa mawimbi ya redio, nazo zinayumba, na wakati wa kujirudi zinatoa mawimbi hafifu ya redio ambayo antena zilizowekwa karibu na mwili huyanasa. Siri iko kwenye muda wa kujirudi. Protoni za mafuta hujirudi upesi. Za maji yaliyo huru, kama yale yaliyozunguka ubongo, huchukua muda mrefu zaidi. Tishu iliyovimba imejaa maji kuliko jirani yake mzima, kwa hiyo nayo inasikika tofauti.

Mtaalamu anaweza kuibadili mashine ili mara hii mafuta yang'ae, mara nyingine maji yang'ae, mara nyingine yaonekane maji yaliyokwama yasiyotembea. Ndiyo maana MRI moja huwa na mafungu kadhaa ya picha za sehemu ileile, na ndiyo sababu inachukua dakika 20 hadi 60 wakati CT inamalizika kwa sekunde au dakika chache. Katika CT, sehemu ya kijivu na sehemu nyeupe ya ubongo zimepishana kwa namba chache tu. Katika MRI zinajitenga waziwazi.

Sumaku za hospitali nyingi zina nguvu ya tesla 1.5 au 3. Tesla, kizio cha nguvu ya sumaku, ni kubwa: tesla 1.5 ni takriban mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia, ile inayogeuza dira. Katika nguvu hiyo protoni huitikia mawimbi ya takriban megahezi 64; katika tesla 3, takriban 128. Redio za FM ziko katikati hapo, megahezi 88 hadi 108. Chumba cha MRI hufunikwa kuta zote kwa shaba au madini ya aina hiyo ili matangazo na mawimbi mengine ya nje yasiingie kuvuruga sauti hafifu ya protoni.

Paul Lauterbur wa Marekani na Peter Mansfield wa Uingereza ndio waliopewa Nobel ya 2003 kwa kazi iliyowezesha picha hizi. Picha ya kwanza ya kiwiliwili cha mtu, iliyopatikana Julai 1977 na kundi la Raymond Damadian, ilichukua karibu saa tano.

Kiharusi: kwa nini CT hutangulia

Hakuna mahali tofauti hii inaonekana wazi kuliko kwa mgonjwa wa kiharusi. Mdomo umekwenda upande, mkono wa kulia hauinuki, maneno hayatoki. Dalili hizo huletwa na mambo mawili yanayopingana: mshipa wa ubongo umeziba, au umepasuka na damu inavuja. Ukiwa umeziba, dawa ya kuyeyusha bonge la damu inaweza kuokoa sehemu ya ubongo, na kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Ukiwa umepasuka, dawa hiyohiyo inaweza kumuua. Daktari hawezi kutofautisha kwa uhakika kwa kumtazama tu mgonjwa kitandani.

CT inatofautisha mara moja. Kumbuka zile namba: ubongo 30 hadi 40, damu mpya 50 hadi 80. Damu inaonekana nyeupe ndani ya kijivu, na hata daktari ambaye si bingwa wa radiolojia mara nyingi huiona.

Hapa ndipo familia nyingi zinapochanganyikiwa. Mshipa ukiwa umeziba, CT ya saa za mwanzo mara nyingi huonekana ya kawaida, kwa sababu tishu inayokosa damu haijabadilika vya kutosha kuzuia eksirei tofauti. Ndugu wanaambiwa "CT haijaonyesha kitu", wanaanza kusema mashine ni mbovu, au mgonjwa amerogwa. Kumbe "hakuna damu" ndilo jibu lililokuwa likitafutwa, na ndilo linaloruhusu matibabu yaanze. MRI ingeweza kuiona sehemu iliyoziba mapema zaidi, kwani seli zinazokosa oksijeni huvimba na maji yake hukwama, na mashine hiyo inayaona maji yaliyokwama. Lakini inahitaji muda zaidi, mgonjwa atulie, na kwanza yajibiwe maswali ya vyuma mwilini, tena na mtu ambaye pengine hawezi kusema. Huku kila dakika inayopita ubongo unakufa.

"CT ya mifupa, MRI ya nyama laini"

Kanuni hii inazunguka sana. Si uongo, ila ni nusu ya habari.

Ni kweli CT inafaa sana kwa mfupa uliosagika kabla ya upasuaji, kwa majeruhi wa ajali, kwa mapafu, kwa mawe kwenye figo, na kwa damu inayovuja tumboni. Ni kweli pia kwamba MRI ndiyo ya kutazama uti wa mgongo, kano na gegedu za goti, tezi dume na magonjwa mengi ya ubongo. Jiwe la figo halina maji ya kutoa ishara, na mapafu yamejaa hewa, kwa hiyo MRI inahangaika hapo.

Lakini chukua mzee aliyeanguka, nyonga inamuuma, hawezi kusimama, na eksirei haionyeshi ufa wowote. Mfupa huo MRI inaweza kuusoma vizuri kuliko CT. Ganda gumu la mfupa ni jeusi kwenye MRI, sawa, ila ndani yake kuna uboho wenye mafuta na maji, na ufa mwembamba usioonekana kwenye eksirei huacha maji kwenye uboho. Hivyo swali si "mfupa au nyama". Swali ni: umbo la mfupa, au kinachoendelea ndani yake?

Kuna tatizo jingine la MRI ambalo watu hawalioni kuwa ni tatizo: inaona mno. Mwaka 2015 yalichapishwa mapitio ya tafiti zilizowapiga picha za mgongo watu wasio na maumivu yoyote. Diski zilizobetuka (diski ni vile vipande laini vilivyo kati ya pingili za mgongo) zilikutwa kwa takriban asilimia 30 ya wenye miaka 20 na asilimia 84 ya wenye miaka 80. Wote hao walikuwa wazima kwa upande wa mgongo. Mtu mwenye maumivu ya kawaida ya kiuno akipigwa MRI mapema, uwezekano wa kukutwa na "diski" ni mkubwa, na uwezekano kwamba diski hiyo ndiyo inayomuuma ni suala jingine kabisa. Kwa maoni yangu, picha nyingi za mgongo zinazoombwa na wagonjwa wenyewe huwaongezea hofu kuliko majibu, isipokuwa pale penye dalili za hatari: miguu kuishiwa nguvu, kushindwa kuzuia haja, homa, historia ya saratani, au kuumia vibaya.

Mionzi: nani anayo, ni kiasi gani

MRI haina mionzi ya kudhuru seli kama ya eksirei. CT inayo, nayo hupimwa kwa milisivati. Eksirei ya kifua ni milisivati 0.1 au pungufu. CT ya kichwa ni kama 2, ya tumbo na nyonga mara nyingi huwa kati ya 6 na 10. Kwa kulinganisha, mtu yeyote duniani hupokea wastani wa milisivati 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye ardhi, anga, hewa na chakula, bila kukanyaga hospitali.

Je, ni hatari? Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, imekadiria kwamba CT ya milisivati 10 inaweza kuongeza uwezekano wa kufa kwa saratani kwa mtu 1 kati ya 2,000. Katika watu haohao 2,000, takriban 400 wangekufa kwa saratani hata bila kipimo hicho. Nyongeza hiyo ni ndogo, lakini ipo, na kwa watoto ni kubwa zaidi kwa kuwa seli zao zinagawanyika haraka na wana miaka mingi mbele. Kwa hiyo CT ya kweli, ya mtu aliyegongwa na gari, haifai kuogopwa. CT ya "kujiangalia tu" ndiyo ya kuulizwa mara mbili.

Jambo la kuondoa kabisa: mionzi ya CT haibaki mwilini. Mashine ikizimwa, eksirei zimekwisha, na mama anaweza kumbeba mwanawe dakika ileile. Wanaoambiwa wakae mbali na watoto kwa muda ni wagonjwa wa vipimo vingine, ambapo dawa yenye mionzi hudungwa mwilini.

Mlangoni kwa MRI

Hatari ya MRI iko kwenye sumaku, na sumaku hiyo haizimwi usiku. Nyaya zake zinapozwa kwa heli ya kimiminika, karibu nyuzi −269, na umeme unazunguka humo mfululizo. Mashine iliyonyamaza bado inavuta. Mwaka 2001, huko New York, mtoto wa miaka 6 alifariki baada ya mtungi wa oksijeni wa chuma ulioingizwa chumbani kuvutwa na sumaku na kumgonga kichwani.

Ndiyo maana mlangoni utaulizwa maswali ambayo yanaonekana ya ajabu. Una betri ya moyo? Kifaa sikioni? Klipu ya mshipa kichwani? Umewahi kuchomelea au kusaga chuma na kipande kikakuingia jichoni? Hilo la mwisho si utani: kipande kidogo cha chuma kilichokaa kimya jichoni miaka kumi kinaweza kusogea. Chuma kilichowekwa kwenye mfupa baada ya kuvunjika mara nyingi hakizuii kipimo, titani hasa, ingawa huharibu picha za karibu yake. Betri za moyo za siku hizi nyingi zimetengenezwa kuvumilia MRI kwa masharti. Usijibu kwa kubahatisha. Kama una karatasi ya upasuaji, nenda nayo.

Ndani ya handaki kuna kelele: kugonga, kuunguruma, mlio mkali, kimya, kisha kugonga tena, wakati mwingine zaidi ya desibeli 100. Ni koili, yaani nyaya zilizoviringwa, zinazotikisika umeme unapowashwa na kuzimwa haraka ndani ya sumaku. Utapewa viziba masikio na mpira wa kubinya ukitaka kutolewa. Anayeogopa sehemu finyu aseme kabla, kwa sababu akitikisika katikati picha zinakuwa na ukungu na kazi inaanza upya.

Sindano ya kontrasti, yaani dawa ya kufanya mishipa na viungo vionekane vizuri zaidi, inayotumika kwenye CT ni ya ayodini. Wengi husikia joto linawasambaa mwili mzima, ladha ya chuma mdomoni, na kuhisi wamejikojolea. Hawajajikojolea, inapita ndani ya dakika. Kwenye MRI hutumika gadolini, isiyo na vishindo hivyo. Mwenye ugonjwa wa figo aseme kwa kipimo chochote kati ya hivi viwili. Na ule usemi kwamba mwenye mzio wa kamba na kaa hawezi kudungwa ayodini hauna msingi, maana mzio wa wanyama hao unatokana na protini zao.

Jambo moja linalosahaulika na wagonjwa wengi ni kwenda na picha za zamani, zenyewe, pamoja na karatasi ya majibu. Bingwa wa radiolojia akiona kivimbe kigumu cha milimita chache kwenye pafu, picha ya leo pekee haimwambii mengi. Akipata CT ya miaka miwili iliyopita na kivimbe kilekile kipo pale, kwa ukubwa uleule, kwa kawaida huandika kwamba hakina dalili ya saratani, na mgonjwa hana haja ya kuchomwa sindano ya kutoa kinyama.